Mara Moja Basi

Theluji ya Aprili bado imelala Thunder Bay,
ya kijivu, imechoka, haina pa kwenda,
na uwanja wa gofu nyuma ya reli
hauonyeshi shimo hata moja.
Sisi tumo chini ya nyumba ya Reijo,
tanuri linanguruma, kahawa imepoa,
tunabishana namna ya kuwachagua wanaume
ambao hawatajua kamwe kwamba tuliwachagua.

Watu watano, dola ishirini kila kichwa,
zimo ndani ya kopo la biskuti
ambalo mimi, mweka hazina, nimelipakata.

Chengo anataka mnada.
Kila mtu apewe milioni za hewa,
apandishe bei, agonge meza, aungue.
Chengo huendesha lori la magogo;
siku tano kwa wiki hana wa kubishana naye ila redio.
Ukimpa nafasi ya kupaza sauti
hataki zamu, anataka soko.

"Zamu ndiyo haki," asema Lwitiko,
"wa kwanza duru hii awe wa mwisho duru ijayo,
kama nyoka anavyojikunja."
Ila Lwitiko hukesha hospitali,
na mwaka juzi zamu yake ilipofika
simu ililia mara tisa ndani ya koti lililotundikwa.
Tukamchagulia sisi: mkongwe wa mgongo mbovu
aliyejitoa kabla ya shimo la nne.
Hajatusamehe. Anasema ametusamehe.

Mwanaidi huchagua kwa kofia.
Gofu haijui wala haitaki kuijua.
"Nipangieni mafungu: vigogo huku, wa kati pale,
wasiojulikana kule, nidokoe mmoja mmoja kama karanga."
Mwaka jana alitushinda sote, kwa kofia.

Reijo ana majedwali:
la upepo, la nyasi,
la nani hupiga vizuri akiwa ametoka kuachika.
Anataka majina sita, alama bora nne zihesabiwe,
mbili mbovu zitupwe mtoni.
Amekuwa wa nne miaka mitatu mfululizo.

Ndipo nikasema, "Turudie ya mara moja basi."
Pakawa kimya. Tanuri nalo likazima.

Ilikuwa ya Gordie, hiyo,
Gordie aliyeapa kwamba akiba haiozi.
Wiki nenda wiki rudi alitutupia majina ya kuokoteza,
akicheka: subirini, yule mkubwa nimemlaza stoo
hadi mashindano ya mwisho.
Julai kinu cha karatasi kikaifunga mashine yake.
Naye akafunga nyumba, akahamia Red Deer kwa shemeji,
na Jumatano ya mwisho hakuleta jina.
Yule mkubwa akashinda, kwa mapigo manne,
bila mwenyewe.

Mstari wake katika daftari langu bado uko wazi.
Chini yake nilikuwa nimekwisha kuandika:

*Jina moja kila wiki, ukilitumia basi,*
*hata ulie kwa dhiki, hurudishiwi nafasi;*
*asoleta hafutiki, tutamngoja kiasi;*
*alo mbali ni rafiki, simu yake tutapiga.*

Nikamfasiria Reijo. Vina vikapotea njiani,
lakini mstari wa mwisho aliuelewa,
akasukuma simu katikati ya meza.

Kwetu saa tatu usiku, kwake saa moja.
Iliita. Iliita sana.
Kisha sauti, na nyuma yake mtoto wa mtu, na sahani.
Tukamweleza yote, tukipokonyana:
nyoka, mafungu, majedwali, daftari.
Gordie akanyamaza hata tukadhani imekatika.

"Mnada," akasema.
"Nimechoka kuweka. Mwaka huu nataka kutumia."

Chengo akaigonga meza kwa ngumi zote mbili,
kahawa ikamwagika juu ya ubeti wangu.
Niliuanika juu ya tanuri, haukusomeka tena,
nikafungua ukurasa mpya:
watu sita, dola mia na ishirini,
ishirini kati yake za mdomo.