Bolti Moja

Baiskeli ya kwanza iliibwa ujiani, chini ya masanduku ya barua.
Ya pili ilikatwa mnyororo mchana kweupe,
kengele ikaachwa sakafuni.
Ya tatu nikaapa: hii italala nami.

Ghorofa ya tatu, Ferrara,
vyumba viwili na jiko lisilotosha ugomvi.
Chini hapakuwa na nafasi hata ya paka kujinyoosha,
basi nikatazama juu.
Ukuta ulikuwa mtupu tangu Ruggero aondoke na picha zake.

Nikaazima keekee. Nikapima kwa kamba ya kiatu.
Nikapiga moyo konde, nikatoboa.
Matofali ya kale hayana ubishi:
keekee ikapita, ikapita,
ikatokea kwa watu.

Akaja Bwana Tebaldo, bakuli mkononi,
vumbi la lipu likielea juu ya supu yake.
Nikangoja matusi.
Akaitazama baiskeli iliyoegemea jokofu,
akaweka bakuli chini, akabinya tairi kwa kidole gumba
kama muuguzi anayetafuta mshipa.
"Unaitesa," akasema.
Miaka arobaini alinyoosha spoku za wenzake
katika kibanda nyuma ya stesheni.

Tundu hatukuliziba. Lilikuwa shauri lake:
bolti moja ndefu, kulabu huku, kulabu kule,
yangu na yake zikining'inia mgongo kwa mgongo,
vichwa chini, kama popo.

Tangu siku hiyo ukuta ukaanza kusema.
Saa mbili kasorobo asubuhi, akiishusha yake,
yangu hutikisika; gurudumu la mbele
huzunguka robo, hurudi, hutulia.
Najua: anakwenda kununua boga
na kugombana na mwuza samaki.
Husemwa kuta zina masikio.
Wetu una ulimi, na maneno mawili tu:
naenda, nimerudi.

Januari. Ukungu ukapanda kutoka mto Po, ukaketi madirishani.
Jumatatu, gurudumu kimya. Nikasema ni baridi.
Jumanne nikanywa kahawa nikilitazama.
Jumatano nikalizungusha mwenyewe kwa kidole,
nikaona haya.

Usiku nikaishusha baiskeli, nikaipandisha,
nikaishusha, nikaipandisha,
chuma kikilia ndani ya tofali,
hata wa ghorofa ya pili akagonga dari kwa ufagio.

Kisha, ng'ambo ya ukuta, kitu kikajibu.
Hafifu. Kijiko, labda.

Mlango haukuwa na komeo. Nilimkuta kitandani,
ndevu za siku tatu, soksi mbili kila mguu,
homa imemkalia kifuani.
Nikamchemshia supu, safari hii bila vumbi.
Akaonja, akakunja uso, akaomba chumvi.

"Nimekusikia," akasema.
"Pedali ikizunguka, mnyororo unakwaruza.
Mafuta niliyokupa ulipaka wapi,
kwenye nywele?"