Daftari la Vipimo

Kabla ya jukwaa la Mkunguni walipita kwangu,
Langoni, duka la mlango mmoja
baina ya kinyozi na muuza vocha.
Watatu, chama kimoja, tiketi moja ya kuwania urais,
na kila mmoja anataka nguo ifikapo alasiri.
Hupandi kuomba kura Amu na tai shingoni.
Hilo tu ndilo waliloambiwa kutuhusu.

Wa kwanza, tepu yangu inamjua.
Ukurasa wake upo, wino umegeuka rangi ya chai:
kiuno thelathini na nne,
mwaka ule alipoapa maji matamu yatafika
hadi jikoni kwa mke wangu.
Safari hii nilizungusha, nikavuta, nikalegeza:
arubaini na sita.
Maji ya Esha bado yanakuja juu ya punda.
Nikaandika namba mpya chini ya ile kuukuu,
nikaacha nafasi. Huyu atarudi.

Wa pili ni mama, wakili, mwenye kusikiliza.
Alitaka buibui lisiloziba mkufu.
Aliketi kwenye kigoda cha wateja
akaniuliza kodi ya duka, nalipa shilingi ngapi,
cherehani ni yangu au ya mkopo,
na macho yake hayakukimbilia saa.
Nakiri, uzi ulinitoka tunduni mara mbili.
Nikasema: huyu, labda.
Jioni spika ikanguruma, "Fundi mmoja wa hapa ameniambia..."
na kodi yangu ikatoka kinywani mwake
imeongezwa nusu yake,
na watoto wangu wawili wamekuwa saba.
Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga,
nikimwonea huruma fundi yule.

Wa tatu hakuja.
Alimtuma kijana wa mwili wake apimwe kwa niaba.
Mheshimiwa ana ratiba.
Nimeshona miaka thelathini na mmoja,
nimempima bwana harusi mwenye homa, kitandani,
sijapata kumpima mtu kwa mtu mwingine.
Kijana aliitwa Kombe, wa Malindi, shahada ya hesabu,
soksi zimetoboka kisigino.
Alipoinua mikono nilisikia tumbo lake.
"Tukishinda nitaandikwa kazi," akasema,
na hiyo "tuki" ilinichoma kuliko sindano.

Malipo? Baada ya mchujo, fundi.
Wote, kana kwamba walikutana wakakubaliana.
Nilipomwambia Esha hakuacha kuchambua mchele:
"Nti haishonwi kwa uzi wa kukopa.
Na wewe ndiwe wa kwanza kuwakopesha."

Siku ya kura nilipanga foleni na tepu shingoni, nimesahau.
Karani akanizuia: manjano hiyo, kampeni ya nani?
Nikaikunja mfukoni.
Ndani ya kijumba cha kadibodi nyuso tatu za karatasi
zilinitazama kama wateja wanaojua hawana pesa.
Nilisimama mpaka mtu akakohoa nyuma yangu.
Niliweka alama. Msiniulize wapi;
hata Esha hajui, naye anajua nilipoficha hati ya nyumba.

Juzi Kombe alirudi na mfuko wa nailoni.
Mheshimiwa ameshindwa, ameondoka na ndege ya asubuhi,
simu yake haipatikani,
na nauli ya kuvuka hadi Mokowe kijana hana.
Mfukoni mna kanzu, pindo lina vumbi la jukwaa.
"Unaweza kuinunua, fundi?"
Nguo ambayo sijalipwa, niinunue!
Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka.
Nikamwambia aivae kwanza.
Mabega yalikaa. Mikono ilikaa.
Sikuwa na la kupunguza.