Shoto

Mimi nilikuwa fundi wa moshi.
Wengine walipewa nyuso, wengine kwato,
Septimus Orchard alichonga magurudumu ya mizinga
huku akiyapigia mluzi kana kwamba yatazunguka.
Mimi, moshi. Na siku za amani, mawingu.

Mchoro ulitufikia Jumanne jioni,
siku kumi na nane njiani kutoka Krimea,
unanuka meli na tumbaku ya mtu mwingine.
Mistari ya penseli, ya haraka, na pembeni maneno:
hapa farasi, watatu au wanne,
hapa moshi mzito,
hapa maiti, ongezeni kwa busara.
Busara! Kipimo chake hakukiandika.

Bwana Grindley akaunakili juu ya ubao,
akalegeza skrubu za nyuma, vita vikagawanyika
vipande kumi na viwili, kila kimoja sawa na kiganja,
na kila fundi akabeba chake mezani,
kwenye taa ya gesi na tufe la kioo lililojaa maji
la kukusanya mwanga
uwe tone moja tu juu ya ncha ya chuma.

Mti wenyewe wa manjano, mgumu kama jino.
Ulikatwa milimani juu ya Bahari Nyeusi,
maji yale yale yanayolamba kingo za vita.
Ubao ulikuja kwa meli, habari ikaja kwa meli,
vikakutana mbele yangu, mtaa wa Fleet,
mimi ambaye sijawahi kufika hata Kent.

Basi moshi niliutoa wapi?
Kwenye madohani ya wapika sabuni.
Kwenye kikohozi cha baba asubuhi za Januari.
Nasikia moshi wa kweli hauna umbo;
wangu ulikuwa na mapindo, kama pazia la kanisa.
Nilisifiwa.

Alfajiri tukavibana vipande.
Pale visipokutana ukabaki ufa mweupe,
mwembamba kama unywele,
ukikata farasi, kifua cha sajini, anga.
Tukauziba. Bado upo.
Ukijua pa kutazama, utauona usiku wetu.

Jumamosi gazeti likauzwa, peni sita.
Jumatatu akaja mwanamke, vidole vimechubuka kwa magadi:
Keziah Lumb, dobi wa Bermondsey,
na ukurasa umekunjwa mara nne.
Hakumtaka mhariri. Alimtaka mtu.
Mlangoni nilikuwepo mimi.

Kidole kikatua kwa askari mdogo wa nyuma kabisa,
uso wake mikwaruzo mitano,
bunduki kaishika juu kwa mkono wa kushoto.
"Huyu Jabez. Jabez wangu ana shoto.
Mwalimu alimchapa, hakuacha.
Kumbe na jeshi limeshindwa!"
Akacheka, kisha akafunga mdomo kwa kiganja.
Jina lake halikuwa kwa waliokufa
wala kwa majeruhi. "Basi siku ile
alikuwa amesimama. Si ndiyo?"

Nilijua.
Chapa hugeuza: cha kulia ubaoni
huwa cha kushoto karatasini,
kwa hiyo mchoraji huchora kinyume,
na usiku ule, saa tisa, Bwana Grindley, akisinzia,
alisahau kumgeuza mtu mmoja.
Ile mikwaruzo mitano ni ya Septimus,
akimuwaza muuza chaza wa pembeni,
anayemdai.

Ulimi ukawa mzito.
"Ndiyo, mama," nikasema. "Kashika kwa kushoto."
Karatasi ilisema hivyo hivyo.

Akaomba nimkatie yule peke yake.
Nikachukua kisu. Begani mwake
kulikuwa na moshi wangu; nikauacha kidogo,
nikaona vibaya kumtoa mtu vitani bila kitu chochote.
Alitaka kulipa tena. Nikakataa.
Peni mbili niliziokota baadaye, kwenye ngazi.

Jumanne mchoro mwingine. Hapa moshi mzito.
Nikachonga mistari michache, ya mbali mbali.
Bwana Grindley akauinua ubao taani:
"Moshi gani huu, Tapsell? Watu wanaonekana."