Upana wa Vidole Viwili

Kila siku ya kumi na mbili, majogoo wa Kiamunyi wakishachoka kuwika,
chombo kinapita juu ya Menengai,
kilomita mia saba juu ya kofia yangu.
Sikioni. Nakijua kwa ratiba tu,
kama mtu anavyomjua anayemdai.

Kinatupa wimbi. Wimbi linagonga lava, mkonge, mabati ya kanisa,
linarudi.
Kazi yangu ni kulinganisha kurudi kwa leo na kurudi kwa juzi:
likichelewa hata unywele, ardhi imeshuka;
likiwahi, kuna kitu huko chini kinajaza kifua.

Kwenye kioo cha kompyuta mlima ni dimbwi lililomwagikiwa mafuta ya taa,
rangi ndani ya rangi, duara ndani ya duara.
Duara moja, ardhi imesogea upana wa vidole viwili,
na hata havijatimia.
Kilomita kadhaa chini ya viazi vyetu mwamba ulioyeyuka hauna haraka:
unajipenyeza, unatulia, unasukuma tena,
mgeni wa usiku anayetafuta ubavu wa kulalia.

Mwezi Machi nukta yangu moja ilizimika.
Tulikuwa tumesimika pembe ya bati, kuta tatu zinazokutana,
shambani kwa Nyaguthii,
wimbi lipate mahali pa kugeukia bila kupotea.
Ukitazama kutoka juu iling'aa kuliko soko.
Sasa giza.
Bosi akasema, wezi wa vyuma chakavu.
Mimi, ambaye hulipwa nisiwaze hivyo,
niliwaza mlima umeimeza.

Nikapanda kwa pikipiki hadi pale lami inapokata tamaa.
Pembe ilikuwepo. Imegeuzwa, imepewa mgongo upepo,
na ndani yake kuku mwekundu ameatamia mayai tisa.

"Bado siku sita," Nyaguthii akasema.
"Ukiigusa leo, atayasusa."
Nikakaa. Sayansi ikangoja vifaranga.

Akaniuliza jina. Nikasema, Kimosop.
Akachochea kuni zisizohitaji kuchochewa,
muda mrefu,
kisha akanimiminia chai.

Nikamweleza: wimbi, kwenda, kurudi, mlima unaopumua.
Alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei.
"Ardhi ikiinuka," akauliza, "hatimiliki inainuka nayo?
Na vigingi? Jirani akija kusema mlima umemsogezea mpaka?"
Nikasema hapana mama, si kiasi hicho.
Nikamwonyesha vidole viwili.

Akavitazama.
"Mimi nilitoka Molo na kichwa cha cherehani, godoro, na mtoto mgongoni.
Usiku. Mwezi wa kwanza, mwaka ule."
Hakuutaja mwaka. Huku hatuutaji.
"Ni kilomita ngapi?"
Kama hamsini, nikasema, kwa barabara.
"Hatukupita barabarani."
Akanyamaza, akahesabu kitu kwenye kanga za mhindi.
"Hivyo ni vidole vingapi?"

Nina shahada mbili. Nilikunywa chai.

Vifaranga walitoka wanane, yai moja viza.
Tuliigeuza pembe pamoja, mimi na dira, yeye ameshika ukingo,
kidogo, kidogo tena, hapo, usiachie,
jasho lake na langu vikidondoka kwenye bati moja.
Kwenye daftari la kazi kuna safu ya sababu za kukosekana kwa data.
Niliandika: kuku.
Chini yake, kwa penseli: Molo hadi hapa, kwa miguu.
Safu ya kipimo nikaiacha wazi.
Bosi hajaiuliza bado.

Jumanne chombo kikapita.
Nukta ikarudi, nyeupe, imara. Mlima ulikuwa umeshuka milimita nne.
Jioni simu ikalia, Nyaguthii,
na nyuma yake vifaranga wanapiga kelele:
"Imetuona?"

Nikatazama ile nukta.
Imeona bati, nikamjibu.