Sahani ya Tatu

Usiku wa sehemu ya kwanza tulijazana
chumba cha chini cha kanisa la Walutheri:
viti vya kukunja, kahawa ya birika kubwa,
na Doreen Lahti kaleta mikate ya mdalasini
kama mtu asiyejua anaenda harusini au msibani.

Mji wetu ukatokea, jina lile lile, Brandt Falls,
ila wameuvika ukungu. Ukungu asubuhi, ukungu adhuhuri.
"Lini," akauliza Verner, miaka arobaini dereva wa gari la theluji,
"lini mmeuona ukungu hapa?"
Tukacheka. Sisi tuna theluji, tuna mbu,
na katikati yake wiki mbili za Julai.

Mkuu wa polisi wao ana kidevu cha kuchongwa.
Wetu ni Gordy, ana kisukari,
na akipoteza funguo mpelelezi ni mkewe.
Watu wao wananong'ona mkahawani.
Hapa nani anong'one? Mashine za karatasi
zilitula masikio nusu ya mji.

Kisha binti akaokotwa chini ya daraja,
amekufa vizuri, nywele zimetandazwa majini.

Mwezi haukwisha, wageni wakaanza,
wa Chicago, wa Ohio, makoti mapya,
wanauliza njia ya darajani.
Wanaacha mawaridi, barua, dubu wa kitambaa,
kwa msichana ambaye hakuzaliwa.

Einar wangu alizaliwa.
Mashine namba tatu ilimshika mkono, kisha yeye mzima,
Machi, zamu ya usiku, miaka ishirini na miwili.
Gazeti likampa mistari minne,
mmoja wa kampuni kutoa pole.
Kiwanda kikafungwa baadaye. Kamera haikuja.

Sijivuni wala siombi radhi:
Alhamisi jioni naenda darajani na ndoo,
naokota yasiyonyauka, nampelekea makaburini.
Marehemu wa uongo ana maua ya kusaza.
Tugawane.

Na barua nilishaiandika, ya kituo cha runinga,
makosa kumi na tisa, nimeyapa namba.

Hadi sehemu ya sita.
Mama wa yule binti, mwigizaji tu, mtu wa mbali,
mikono haijawahi kushika sepetu la theluji,
anaingia jikoni kuandaa meza.
Sahani moja. Ya pili.
Anarudi kabatini, anashika ya tatu,
anasimama nayo.
Hasemi. Anaifuta, safi vile vile ilivyo,
anairudisha.

Chumba kizima kimya. Doreen akanitazama,
akahamia kutazama mikate.

Nani aliwaambia?
Mimi sikumwambia mtu. Hata Carl, aliyekuwa amekaa pale pale mezani,
alidhani nafuta vumbi.

Barua iko kwenye droo ya vijiko.
Sijaituma.
Makosa yote kumi na tisa ni kweli.