Mita Inayosoma Kidogo

Mwaka wa ishirini na tatu napandisha maji Mabatini,
bomba begani, nikipenya kati ya mawe
ambako hata mbuzi hubisha hodi.
Nimekata mabomba yanayong'aa kwa nje;
ndani kutu imeota
hadi tundu limebaki la kupitisha uzi.
Kwa hiyo, daktari, habari za mishipa nazijua.
Nieleze ya mita.

Mara tatu kipimo cha miezi mitatu
kilisema sukari imetii.
Nikanunua sato mzima pale Kirumba,
nikampigia dada Kwandu kujisifu.
Na siku hiyohiyo kidole cha mguu
hakikujua kama kimevaa kiatu.

Ni Nyamizi wa maabara aliyeuliza
kama utotoni niliwahi kukojoa mweusi, kama soda,
baada ya vidonge vya malaria.
Nikacheka. Kisha nikakumbuka:
Magu, miaka saba, mgongo wa mama,
na bibi akiapa kwamba nimerogwa.

"Una upungufu wa kimeng'enya.
Chembe zako nyekundu hufa zingali changa,
sukari haipati muda wa kuziganda.
Ndiyo maana kipimo kinasoma kidogo."

Nikamwelewa upesi, akashangaa.
Mwaka jana mita ya Lubinza ilisoma kidogo,
bili ya elfu tatu, mwenyewe anachekelea,
huku maji yanapotelea kabla ya mita
na ukuta wa jirani unalowa, unalowa,
mpaka ukalala.

Kimeng'enya hicho, akasema, ndicho mfuta kutu.
Sukari inaileta; wewe mfutaji wako ni dhaifu.
Huenda ndiyo sababu ya macho, ya miguu.
Huenda. Wenyewe bado wanachunguza.

"Umerithi kwa mama."

Nyumba ya Igoma mama aliwaachia dada zangu.
Mimi nilipata cherehani bovu
na pua yake, nilidhani basi.
Hakujua alichokifunga kwenye kitenge.
Nitamdai nani?

Wanangu wa kiume wamesalimika, alisema Nyamizi,
baba hawapi wao.
Lakini binti amebeba, hakuna kubahatisha.
Na Mindi wangu ana mimba ya miezi sita.

Sasa natoboa kidole kila alfajiri,
siamini tena kipimo kinachonisifu.
Leo napanda kwake kumwambia.
Ngazi mia na arobaini, nilizijenga mwenyewe;
nazipanda nikitazama chini,
kila unyayo naushuhudia kwa macho
maana wenyewe hauniambii umefika.