Dirisha la Tatu

Wiki ya pili. Tai ni ya mjomba,
fundo alilifunga yeye; nalilegeza tu, silifungui.
Ukungu wa Loleza umebaki nje ya kioo.
Bi Subilaga, anayenifunza, huhesabu huku akipiga soga;
mimi nalamba kidole, napoteza, naanza upya.

Leo kaja mama wa viazi kutoka Isyonje,
noti kazifunga pindoni mwa kitenge, zina umande.
Mashine ikazitema.
"Zina udongo," nikasema, kwa sauti ya benki.

Akanitazama vidole.
"Si mwana wa Mwaisumo wewe? Juni ulinichimbia magunia sita,
nikakulipa hizi hizi."

Nikazinyoosha moja moja juu ya goti,
foleni ikinung'unika hadi mlangoni.
Bi Subilaga hakusema kitu.
Akanisogezea sponji yake.